Haluli ya Kila Asubuhi

Nachingwea

Binti Hemedi, mke wangu,

Nisamehe kwa kimya changu. Tangu tulipokuzika, korosho zimeokotwa misimu miwili, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Kila niliposhika kalamu niliona sina jambo la kukueleza ila kwamba hupo, na hilo unalijua.

Leo lipo jambo. Linahusu haluli yako.

Tulipokuwa Ruangwa, kila Ramadhani ilipokwisha na matumbo yetu kuchoshwa na vyakula vya sikukuu, uliikoroga ile chumvi chungu ya kusafisha tumbo katika maji ya vuguvugu, ukatupanga uani, wakubwa kwa wadogo. Mimi niliyeogopwa na darasa zima nilikunja uso kuliko watoto. Ukaniambia, "Mwalimu, kunywa kwanza. Kufundisha baadaye." Kisha ukanipa kipande cha ukwaju, na sote tukabaki kuviziana mlangoni pa choo. Hata tulipohamia huku Nachingwea, wakati wa mashamba ya karanga na vishindo vya matrekta, kopo lako la haluli lilipakiwa kabla ya vitabu vyangu.

Ulipoondoka, lilibaki rafuni. Asubuhi moja nilikoroga kidogo, nikanywa, nikakusikia ukisema maneno yale yale. Kesho yake nikanywa tena. Tangu hapo sijaacha. Kopo likiisha, naagiza jingine dukani.

Sasa miguu yangu imekuwa mizito. Usingizi hunichukua nikiwa nimeketi na wageni, na juzi vidole vyangu vilishindwa kufunga vifungo vya kanzu. Binti yetu Somoe alikuja kutoka Mandawa, akanipeleka hospitali. Daktari alinipima, akaniuliza natumia dawa gani. Nilipomtajia haluli, na kwamba ni ya kila siku, aliweka kalamu chini. Akanieleza kwa adabu kwamba mtu mwenye afya akinywa kidogo, tena mara moja moja, kwa kawaida haimdhuru, kwa sababu figo huitoa ile ya ziada. Figo zangu zimechoka, haziitoi. Chumvi inabaki katika damu, inalegeza viungo, na mwisho yaweza kuusimamisha moyo. Akaniambia niache siku ile ile.

Nilimjibu kwamba mke wangu hakuwa mtu wa kunipa sumu.

Njiani Somoe akasema, "Baba, mama alitupa mara moja kwa mwaka. Wewe umeifanya chai."

Ulimi ule ni wako, Binti Hemedi. Hata ile namna ya kutazama pembeni akiisha kusema.

Alitaka kulimwaga kopo chooni jioni ile. Nilimkataza, nikamwomba aniache nifikiri. Amekubali, lakini amekataa kurudi kwake. Leo nimemsikia akilihamisha kopo, na sikumwuliza amelipeleka wapi. Maneno ya daktari nimeyaelewa. Naogopa tu kwamba nikiacha, asubuhi zangu zitakuwa kimya, na kwa umri huu sijui nitazianzaje.

Kesho nitaketi hapa uani na kikombe cha maji matupu, nisikilize kama utasema chochote.

Mola akupe mapumziko mema, mke wangu. Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii sitakawia.

Mumeo