Retraite ya Lubero

Mama Kambale, wavukire!

Hapa Lubero baridi inauma, lakini viazi biko bitamu kupita bya kwetu Butembo. Kijana wako Kambale aliniambia kanisa inaniita ku retraite. Nikafikiri ni retraite ya bazee, banataka niache kazi! Nilifika na hasira, nikakatalia pasta chakula: «Miye hapana muzee! Rabo yangu ya kulainisha mbao iko mu mufuko.»

Pasta akacheka mpaka machozi. «Tata, ni retraite ya maombi! Tunataka utujengee tunyumba twa mbao mu pori, batu baombe mu ukimya.»

Basi, nikakula. Nyumba ya kwanza imesimama yulu ya mawe, mbao yake ni mikalitusi ya shamba ya kanisa. Miti ya zamani hapana hata moja nilikata; kubwa kabisa nimeizungushia baraza. Jana mvua ilipiga, lakini ndani kukavu, ungeanika unga ya muhogo. Fundi kama miye batamutoa wapi?

Funika mabega jioni, mupenzi wangu. Na umwambie Kambale hapana kugusa meza yangu ya kazi. Retraite nimeijenga, hapana kuiingia.

Bwana yako, fundi