Vidonge Nilivyompa Wifi

Jumatatu, 3 Ramadhani
Kidonge changu cha kupanga uzazi na tende ya kwanza, kama jana. Mwaka wa pili sasa. Zamani nikiingia mwezini nalala siku tatu, damu haikatiki, mara mbili nimetiwa dripu. Siku hizi naenda Marikiti na kurudi na kikapu changu. Navipenda vidonge hivi, sioni haya.

Alhamisi, 6 Ramadhani
Wifi Mwanaisha kaniomba paketi. Anataka afunge mwezi mzima, hedhi isimkatishe, kama walivyofanya wenziwe mwaka jana. Nimempa. Nikamwambia ameze vyeupe tu, vile vya kahawia, vya siku za damu, aviache. Nilijiona daktari. Hana mume tangu talaka, kwa hivyo asijue mtu, hasa mamake.

Jumamosi, 15 Ramadhani
Kichwa kinamuuma. Asema ni saumu. Ana presha huyu. Nilijua tangu siku ile nampa. Kliniki walinipima kwanza mimi kabla ya kunipa. Mimi sikumpima mtu.

Jumanne, 18 Ramadhani
Mguu wa kushoto umevimba, haugusiki. Mama mkwe anausugua mafuta ya karafuu. Nimemwambia wifi aache vidonge, aende hospitali. Hataki kufungua saumu. Mkaidi. Naogopa.

Alhamisi, 20 Ramadhani
Alianguka jikoni, anatweta. Hospitali. Daktari akauliza kama kuna dawa anayotumia. Wifi akanitazama. Akajibu, "Hapana." Mamake kando yake, tasbihi mkononi.
Nikasema, "Anameza vidonge vya kupanga uzazi. Nilimpa mimi."
Daktari akaandika. Damu imeganda mguuni, kipande kimepanda pafuni. Mama mkwe alinipita mlangoni kama hanioni.

Jumatano, 26 Ramadhani
Yu hai. Anadungwa sindano za kuzuia damu isigande. Vidonge vya aina ile haruhusiwi tena. Mimi nimepimwa upya, sina neno, niendelee. Naendelea.
Mtaani Kuze wanasema Mwanaisha alikuwa na bwana. Wamejuaje habari ya vidonge, sijui. Ni mimi nilosema mbele ya watu. Ningesema tena. Lakini naumia.

Jumatatu, Idi Mosi
Nilipeleka biriani kwa mama mkwe. Akapokea sinia, akasema, "Ahsante." Basi.
Wifi alikuwa ukumbini, dera jipya. Hakunipa mkono. Akainuka, akapanda ngazi polepole, peke yake, bila kutweta. Nilisimama chini mpaka akafika juu, kisha nikaenda zangu.