Blanketi la Mama Mkwe

Jumapili, 11 Januari

Kanisa, nguo za wiki, kisha kompyuta. Kama kila Jumapili tangu Novemba. Wenzangu wanatafuta sofa mpya, mimi natafuta mlima.

Leo nimeupata. Kijiji kidogo cha skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, huko Ufaransa. Viti vya kamba vya kupandia mlimani ni vichache, duka la mkate moja, kanisa moja. Hakuna mtu maarufu aliyewahi kupigia picha pale, ndiyo maana tunapamudu. Chumba kimoja cha kukodi, watu wanne. Nimelipa papo hapo kabla mtu hajaniwahi. Hela hairudishwi, lakini nani anataka irudishwe?

Mama yuko Toronto tangu Septemba, kwa kaka yangu Wycliffe kule Agincourt. Machi anarudi Bungoma. Badala ya kumsindikiza uwanja wa ndege na kulia mlangoni, tutaondoka naye: mimi, mume wangu Deo, binti yetu Imani, na yeye. Wiki ya mlimani wakati shule zimefungwa, halafu yeye apande ndege ya Nairobi, sisi turudi huku. Amekua akiutazama Mlima Elgon kila asubuhi. Amesema mlima wenye theluji juu mpaka chini lazima auone. Amesema pia kwamba Canada harudi tena, magoti yake hayataki ndege. Kwa hiyo hii ndiyo wiki ya mwisho nitakayokaa na mama yangu bila mtu kukimbilia kazini. Naitaka wiki hiyo kuliko kitu kingine chochote mwaka huu.

Jumanne, 13 Januari

Deo ana furaha ya mtoto. Utotoni Bukavu, sebuleni kwa mjomba wake kulikuwa na kalenda yenye picha ya mtu anashuka mlima wa theluji kwa kasi. Mwaka wa kalenda ukaisha, kalenda haikutolewa ukutani. Picha hiyo bado anayo kichwani. Msimu huu wote, kila Jumapili baada ya kanisa, huenda kwenye kile kilima cha watoto kule Etobicoke kujifunza. Anaanguka katikati ya watoto wa chekechea. Anarudi nyumbani Weston amelowa, amechubuka, anacheka peke yake. Ghala la Rexdale anakofanya kazi halijamuua, kilima kitamuua.

Nimepata glavu za mitumba. Nimepata na suruali ya theluji ya Mama, rangi ya machungwa. Ataonekana hadi Bungoma.

Jumamosi, 17 Januari

Sijui niandike nini. Mimi ni mjinga.

Nimeenda Agincourt kumwonyesha Mama picha za chumba. Nikamwonyesha jiko, balkoni, sofa ya kukunjua ambayo inakuwa kitanda. Nikamwonyesha vitanda vya ghorofa kwenye kiukumbi karibu na mlango, chake cha chini, cha Imani cha juu. Akatazama kwa makini. Akauliza swali moja.

"Na Baba Imani atalala wapi?"

Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa bintiye hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Hawali pamoja. Krismasi kwa Wycliffe, Deo alikula kwenye besmenti, chumba cha chini ya nyumba, na vijana, Mama akala sebuleni, na hakuna aliyeona ajabu. Ndiyo sababu Mama anakaa kwa Wycliffe, si kwangu. Haya yote nayajua tangu nina meno ya utoto. Na bado nikalipia chumba kimoja, kwa sababu kilikuwa cha bei nafuu na nilikuwa na haraka. Haraka haraka haina baraka, niliimbishwa hiyo darasa la pili.

Nikasema tutaweka pazia.

"Pazia ni ukuta?"

Kisha akasema, bila hasira yoyote, sisi twende tu. Yeye Wycliffe atampeleka uwanja wa ndege. Akarudi kuchambua mboga zake. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 19 Januari

Kazini sikufanya la maana. Nimeandikia yule mwenye chumba nikiomba kikubwa zaidi. Kipo. Bei yake ni ya watu wengine.

Jumapili, 25 Januari

Nimemfokea Wycliffe kwenye maegesho ya kanisa. Alisema ukweli tu, kwamba mimi ndiye niliyesahau, Mama hajabadilika. Ukweli ulinichoma nikamfokea. Mama mchungaji alipita akajifanya anatafuta funguo.

Jioni nikampigia Mama. Nikamwambia kule Ulaya hakuna Mbukusu hata mmoja, nani ataona?

"Mimi nitaona," akasema. "Mwacha mila ni mtumwa, Rodah."

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mama yangu simu. Nikampigia tena nikaomba msamaha, akaniambia nikale.

Deo alisikia yote. Alikunywa chai yake. Yeye si wa kwetu, mila hii si yake, angeweza kucheka. Hajawahi kucheka hata mara moja. Alipokuja kuniposa aliketi alipoonyeshwa. Alipoambiwa kuna blanketi la mama mkwe katika mahari, alilinunua Nairobi, zito, la kahawia, na kulibeba mwenyewe kwenye basi hadi Bungoma. Mama bado anajifunika lilelile. Amekuja nalo Canada, kana kwamba huku watu hulala bila kujifunika.

Jumatano, 28 Januari

Deo amempigia simu yule mama mwenye chumba. Walizungumza Kifaransa, wakacheka, sikuelewa kitu. Kumbe ana kijichumba kingine chini ya paa la nyumba iliyo ng'ambo ya maegesho. Hulala vijana wanaofanya kazi za msimu. Machi wengi wameshaondoka. Deo amekichukua.

"Mwambie Mama asikuwe na mawazo," akasema. "Mi nitalala kule. Haina shida."

Nikampigia Mama. Akauliza kama ile suruali ya machungwa ina mifuko.

Anakuja! Nimecheza jikoni, mimi na mwiko. Imani amenitazama kwa huruma.

Jumamosi, 14 Februari

Kila mtu mjini ana maua. Mimi nina hasira na majonzi, sijui kipi kimetangulia.

Jumapili mbili Deo hajaenda kilimani. Nilimuuliza, akasema amechoka na zamu. Leo nimefungua mipango ya safari ili nimalizie kulipia skii za kukodi. Skii ni za watu wawili. Imani na mimi. Zake amezifuta, na tiketi yake ya kupanda mlimani ameifuta. Ndivyo alivyolipia kile kijichumba. Hakuniambia.

Nilimwamsha. Akakaa kitandani, akajikuna kichwa.

"Bajeti ni bajeti, Mama Imani. Mi nitawatazama kutoka chini."

Nikamwambia basi mimi ndiye nitakayebaki chini, mimi hata sitaki kuteleza, naogopa. Akasema Imani hawezi kupanda peke yake mlima asioujua, na mama yake akiogopa ni vizuri, atakuwa mwangalifu. Akageukia ukuta akalala. Anafanya kazi usiku, nikamwacha.

Nilifunga mlango wa bafu nikalia. Nimepigania wiki ya mama yangu, na mtu aliyeilipia ni yule aliyekuwa na kalenda kichwani. Nimemkasirikia Mama. Nimekasirikia mila. Kisha nikakumbuka ni nani aliyelipia chumba kimoja.

Jumapili, 22 Februari

Agincourt, chakula cha mchana. Imani alikaa karibu na bibi yake, ambaye yeye humwita Kukhu, akamweleza mambo yote kwa Kiingereza. Kwamba baba yake hatateleza. Kwamba alijifunza msimu mzima. Kwamba si haki. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, akahamisha mguu akaendelea.

Mama hudai hajui Kiingereza. Leo alielewa kila neno, nilimwona. Aliacha kumenya minji. Akatazama mlango wa besmenti, ambako Deo alikuwa anakula na watoto wa Wycliffe. Kisha akaendelea kumenya. Niliogopa angesema haji tena.

Jumanne, 3 Machi

Pasipoti ya Mama imerudi na viza ya Ufaransa ndani. Wycliffe alinipigia akipiga kelele kama timu yake imefunga bao. Tumesameheana bila kusema.

Ijumaa, 13 Machi

Kesho tunaondoka. Nyumba nzima ni glavu.

Ugomvi mmoja tu, na Mama. Tiketi zetu za bei ya chini zinaruhusu kila mtu mfuko mmoja mdogo, na yeye amejaza wake kwa blanketi. Nguo amebeba kwenye mfuko wa plastiki. Nimemwambia kule chumbani kuna mablanketi. Nimemwambia vizuri, kisha vibaya. Amesema kila alikolala tangu apewe blanketi hilo amelala nalo, na kwamba kama ndege haina nafasi atalivaa.

Atalivaa kweli. Nimeacha viatu vyangu vya pili, nimebeba nguo zake.

Jumanne, 17 Machi

Mlimani. Mwili wote unauma, hata mahali ambapo sikujua pana nyama.

Chumba ni kidogo kuliko picha. Mlango wa choo ukifunguka unagonga kitanda cha Mama. Lakini asubuhi alisimama kwenye balkoni na leso kichwani, akatazama milima kwa muda mrefu sana, chai ikapoa mkononi. Akasema Elgon ni mkubwa pia, ila haujafuliwa.

Tuliteremka wote. Deo alitangulia mbali mbele kama inavyotakiwa, akachimba njia kwenye theluji kwa viatu vyake ili magoti ya Mama yasisumbuke. Pale chini kuna benchi la mbao. Mama akakaa. Deo akaenda kusimama kando, karibu na ukuta wanapoegemeza skii, amempa Mama mgongo nusu. Imani akanivuta kwenye kiti cha kamba. Nilifumba macho hadi juu.

Imani alishuka kama maji. Mimi nilishuka kama gunia. Nilipoanguka mara ya kwanza niliinua kichwa nitafute kama kuna aliyeniona. Suruali ya machungwa ilikuwa imesimama. Deo naye alikuwa amesimama. Walikuwa wamenyanyuka pamoja, kutoka kwenye benchi moja. Mama mwisho wa huku, Deo mwisho wa kule, katikati nafasi ya watu watatu na chupa ya chai. Sijui nani alimwita nani. Waliponiona nasogea, wakakaa tena, wote wawili.

Sikuuliza. Kuna mambo ukiyauliza yanakimbia.

Jioni upepo umeanza. Tulimtuma Imani ampelekee Deo chakula chake ng'ambo ya maegesho, sahani imefunikwa. Aliporudi alisema chumba cha baba kina dirisha lisilofunga sawasawa, na blanketi ni jembamba kama shuka, na baba amesema tusimwambie mtu. Alisema hayo kwa sauti, Kukhu wake akiwa hatua mbili kutoka pale.

Mama akainuka. Akatoa blanketi la kahawia kitandani, akalikunja mara mbili, akalikunja tena, akanipa.

"Mpelekee."

Blanketi la mama mkwe likirudishwa kwa mkwe, ndoa imekwisha. Kwetu wazee huitwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilisimama nalo mkononi.

"Mama, unarudisha blanketi?"

"Nani amesema narudisha?" Alikuwa amekasirika kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Naazima. Kesho asubuhi nalitaka. Alilete mwenyewe."

"Alilete mpaka wapi?"

"Mlangoni. Nitalipokea."

Hajawahi kupokea kitu mkononi mwa Deo. Hata siku ya posa, blanketi hilo lilipitia kwa shangazi.

Nikavuka maegesho. Theluji ilikuwa inaingia kwenye viatu, nilivaa vya Imani. Deo akafungua mlango akiwa na kofia kichwani na koti mwilini, tayari kwa kulala. Akaliona blanketi, uso ukambadilika, maana na yeye anajua. Nikamweleza haraka. Akaniomba niseme tena, polepole, neno kwa neno jinsi Mama alivyosema. Nikasema tena.

Akakaa kitandani na blanketi magotini. Akaziweka sawa kingo zake. Kisha akaniuliza Mama huamka saa ngapi.

Nikamwambia mapema, na kwamba asigonge kwa nguvu.