Jeneza la Papa Deo

Jumanne, 7 Oktoba

Papa Deo amesema ukumbi wake wa filamu utafunguliwa tena Jumamosi, saa nane mchana. Ameniambia mwenyewe, mlangoni, brashi ya rangi mkononi. Ulikuwa umefungwa tangu vita vilipoingia mjini. Mhariri wangu pale redioni anasema hiyo si habari.

Filamu ni ileile ya zamani, nyeusi na nyeupe, wafu wanafufuka. Mbaya. Nyuzi zinazowainua zinaonekana. Lakini watu hawakuwa wakija kwa ajili ya filamu. Walikuja kwa ajili ya mifupa ya mabua na plasta iliyoteremka kwenye waya juu ya vichwa vyao. Walikuja kumwona muuguzi wa bandia anayepima presha mlangoni na kumrudisha mtu mmoja nyumbani: "Roho yako haiwezi hii, papa." Anayerudishwa daima ni binamu yake Papa Deo. Katikati ya filamu mama mmoja wa kulipwa anazimia. Na kuna jeneza.

Tumecheka. Maman Nsimire, anayeuza maandazi karibu na mlango, hakucheka. Mwanawe Bahati alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu. Shimo liliporomoka mwezi wa sita. Waliorudi wanasema alikuwa ndani. Maiti haikuletwa. Ukoo unataka kukalia kilio, yeye amekataa. "Mutalilia nani? Mumeona nani?"

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Nyumbani Muhumba hakuna umeme. Hasira siku nzima.

Papa Deo amekodi gari la wazi. Litapitisha jeneza mtaa mzima wa Nyalukemba, matawi yamefungwa mbele, honi mfululizo. Ndivyo wanavyoletwa waliokufa machimboni. Nimemuuliza kama ni busara. "Watalia kwanza, kisha watacheka. Ndiyo kazi yangu, tonton."

Ndani atalala Safari, dereva wa pikipiki, uso umepakwa unga wa muhogo. Kifuniko kikifunguliwa, anakaa wima. Nimemuuliza Papa Deo kwa nini watu walioona maiti za kweli barabarani walipie za uongo. "Kule ndani taa ikiwaka, iko mwisho. Huku inje haiwaki."



Ijumaa, 10 Oktoba

Milio ya risasi upande wa juu asubuhi. Hakuna aliyethibitisha lolote. Papa Deo ameendelea kupaka rangi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kwa mpangilio ili nisikosee.

Gari lilipanda saa saba. Wanaume walivua kofia. Muuza sabuni aliteremsha nusu ya mlango wa duka lake. Mama wawili wakaanza wimbo wa msiba. Hawakujua ni mchezo. Hapo nilielewa kosa, na nilikuwa ng'ambo ya barabara, watu wamejaa katikati.

Maman Nsimire aliacha mafuta yakichemka. Ya jeneza la mchezo aliyasikia Jumanne, lakini matawi na honi ni vya waliokufa machimboni; alifika mlangoni pamoja na jeneza. "Munifungulie. Nimuone mutoto wangu."

Wabebaji wa jeneza walitoka mtaa mwingine, Kadutu, hawakumjua. Walidhani ndiye mama wa kulipwa. Papa Deo alikuwa nyuma, anahangaika na jenereta. Wakamfungulia.

Safari akakaa wima.

Watu walipiga kelele, wakakimbia, wakarudi wakicheka. Maman Nsimire hakukimbia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akaufuta unga kwa ncha ya kitenge. Paji. Pua. Shavu moja. Akasema, "Hapana. Si yeye." Akaketi chini.

Wakampigia makofi. Mwanamume mmoja: "Huyu maman anajua kazi. Yule wa zamani alikuwa anazimia vibaya." Ukumbi ukajaa mara moja.

Niliendelea kuandika.

Papa Deo alipoambiwa, alizima jenereta, akasimama mbele gizani. "Ni maman wa kweli. Mutoto wake amekufa kweli." Wakapiga makofi tena. Akawaomba waende nyumbani. Walibaki kwenye mabenchi, wakitazama juu, wakisubiri mifupa. Alikuwa amewazoesha yeye mwenyewe, miaka yote ile. Hakuwa na sentensi hata moja ambayo wangeiamini.

Kisha Maman Nsimire alianza kulia huko nje. Sauti hiyo haiigwi. Walitoka mmoja mmoja, bila kutazamana. Safari alikuwa ameketi vumbini kando yake, unga bado upande mmoja wa uso.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa Papa Deo na Safari walikwenda kwa Maman Nsimire. Nilifuatana nao. Papa Deo alikataa kiti. Aliomba msamaha akiwa amesimama, kofia mkononi, vibaya, bila maneno yake ya kawaida.

Maman Nsimire alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa naogopa kufungua sanduku, Deo. Sasa nimefungua." Baadaye: "Unipe ile."

Papa Deo hakuelewa mara moja. Safari ndiye aliyeelewa: anataka jeneza.

Kaka yake Maman Nsimire huko Kabare atakata mgomba, urefu wa Bahati. Watauvika shati lake, watauzika. Ndivyo wanavyofanya kwa asiyerudi. Tangu mwezi wa sita ukoo ulikuwa ukimsihi. Amekubali jana.

Jumanne, 14 Oktoba

Mhariri amesikia. Anasema sasa ni habari. Nimemwambia sina sauti iliyorekodiwa. Ni kweli.

Mchana nimepita ukumbini. Mifupa imelazwa juu ya benchi, imefunikwa gunia. Papa Deo alikuwa akiondoa bawaba za kifuniko cha jeneza, akiziba matundu ya kupumulia kwa vipande vya mbao. Amepiga randa, hayaonekani. Nilimshikia taa.

Mazishi ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, Kabare. Gari ni lilelile. Maman Nsimire ameomba Safari abebe jeneza upande wa kichwa.