Udhu Wangu Haukai

Jumanne, baada ya Alasiri. Mawingu na joto, nguo kwenye kamba zimegoma kukauka. Sina hamu ya kitu.

Nimemaliza kidato cha nne na nangoja matokeo. Watu wakiniuliza najisikiaje, nasema alhamdulillahi. Ukweli ni kwamba sijisikii vyovyote. Ni kama mkono ulioulalia ukafa ganzi: unauona kuwa ni wako, lakini ukiugusa hakuna jibu.

Kinachoniamsha ni tumbo langu tu.

Kila asubuhi nikifungua macho limejaa. Si njaa, wala si ugonjwa hasa. Limevimba, linanguruma, na upepo unatafuta pa kutokea. Ikifika saa nne linatulia kama si lenyewe. Nimeona aibu kuliandika hili kwa siku nyingi, lakini humu hakuna anijuaye.

Kwa mtu mwingine ingekuwa kero ndogo. Mimi asubuhi nipo chuoni, chuo cha Kurani.

Bi Ruzuna, aliyenisomesha Kurani tangu nina miaka mitano, aliniomba nimsaidie watoto wadogo, kuanzia baada ya sala ya alfajiri mpaka saa mbili. Chuo chake ni chumba kimoja cha chini, huku huku Kiponda, milango mitatu kutoka kwetu. Naketi mkekani, mtoto anasoma, nami nafuata kwa kidole kwenye msahafu. Ni kazi ya mtu mnyamavu, na mimi ni mnyamavu. Tangu shule iishe, hapo ndipo mahali pekee ambapo kuna mtu ananingoja.

Lakini msahafu haushikwi bila udhu, na upepo ukikutoka, udhu umekwenda.

Wiki ya kwanza nilikuwa nainuka, nakwenda kwenye bomba la uani, natia udhu, narudi. Mara mbili. Mara tatu. Nasra, ambaye ana miaka saba na sauti ya muadhini, akaanza kunihesabia.

"Mwalimu, hii ya nne! Utatumalizia maji!"

Chumba kizima kikacheka. Sikukasirika. Niliona tu uso unapata moto, kana kwamba ni uso wa mtu mwingine.

Nikaanza kuuzuia. Nabana, najikunja, tumbo linachoma mpaka mbavuni.

Jumatano iliyopita ukanitoka, bila sauti. Nasra alikuwa katikati ya sura. Nilijua. Nikabaki pale pale, nikafunua ukurasa uliofuata.

Sikuhisi kitu. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi nikaona nisirudie kosa lile. Badala ya kusema kweli, nikamwambia Bi Ruzuna kwa sauti ndogo, "Sina sala." Ndivyo tunavyosema wanawake tukiwa katika siku zetu, na hakuna anayeuliza zaidi. Hakuuliza. Akanipa ubao na chaki, nikawafundisha wadogo kabisa herufi, alifu na bee, mbali na misahafu. Nikadhani nimepona.

Nilichosahau ni kwamba nyumbani nasali na bibi yangu, bega kwa bega, kila alfajiri. Na bibi na Bi Ruzuna ni mashoga wa tangu usichana.

Leo saa tano Bi Ruzuna akapiga hodi, mkononi ana kifurushi cha mdalasini.

"Nimemletea mtoto. Namuona chuoni anajishika tumbo, maskini. Siku zake zinamtesa."

Bibi akaacha kuchambua mchele. "Siku gani, shoga? Alfajiri hii tumesali sote."

Wakanigeukia wote wawili. Nilikuwa nimesimama na sinia ya vikombe. Nikatafuta uongo mwingine, sikuupata.

"Ni upepo," nikasema.

"Upepo gani?" Bibi akatazama dirishani.

"Wa tumboni. Hautulii. Udhu wangu haukai."

Bi Ruzuna hakucheka. "Sasa hilo ndilo la kunizulia hedhi? Tumbo lako si kosa lako, mwanangu. Lakini mie nshakukabidhi watoto wa watu, na weye ukanidanganya. Nikishindwa kukuamini kwa upepo, nitakuamini vipi kwa msahafu?"

Niliweka sinia chini. Nilielewa kwamba mkeka ule naweza kuukosa, na kitu kikanichoma kifuani, kidogo tu, kama ganzi inapoanza kutoka.

Kisha wakanikalisha na kunihoji. Jana nilikula nini? Mbaazi za nazi, zilizobaki mchana. Juzi? Maharage. Saa ngapi? Muda mrefu baada ya Isha, kitandani, simu mkono mmoja, nameza bila kutafuna, halafu nalala hapo hapo. Soda? Kila siku. Na mchana kutwa natafuna chingamu, maana mdomo ukiwa na kazi watu hawanisemeshi. Hilo la mwisho sikujua kama nitalisema.

"Mashallah," akasema Bi Ruzuna. "Mchana unameza hewa, usiku unaikandamiza na mbaazi. Kwa nini isigombe?"

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Kisha akatulia, akakiri kwamba mbaazi zenyewe siku hizi anazichemsha kwa maji yale yale aliyozirowekea, eti zisipoteze ladha. "Kumbe namjaza mwenyewe mjukuu wangu."

Kwa hiyo wamenipangia. Kula mara tu baada ya Magharibi, nimekaa, taratibu. Baada ya Isha nitembee na bibi mpaka Forodhani na kurudi. Soda na chingamu basi, na mbaazi zimwagwe maji yake. Asubuhi maji ya moto ya tangawizi na uzile, ile bizari nyembamba bibi anayotia kwenye pilau. Na nisibane, kubana kunazidisha maumivu. Wiki mbili zikipita bila nafuu, au nikianza kutapika au kukonda, Bi Ruzuna atanipeleka hospitali mwenyewe.

Mlangoni, akivaa viatu, akanigeukia.

"Kesho njoo. Ukikutoka, inuka. Kwani mie kila asubuhi natoka uani kuwaangalia paka?"

Miaka yote hii, katikati ya somo, yeye huinuka na kusema anawatazama paka wake. Nimekaa hapa nikafikiri. Uani pale sijapata kumwona paka hata mmoja.

Sikucheka. Lakini nilikuwa karibu.

Amenisamehe uongo wa Jumamosi. La Jumatano halijui. Hakuna alijuaye ila mimi na Mungu wangu, na nikinyamaza litapita. Ndiyo maana nimeliandika, nisije nikajifanya nimesahau. Kesho nitafika kabla ya watoto, nitamwambia nilishika msahafu bila udhu kwa kumwogopa mtoto wa miaka saba. Huenda akanirudisha kwenye ubao. Huenda akanirudisha nyumbani.

Nikibakizwa, nitakaa karibu na mlango wa uani.

Nasra na ahesabu.