Samadi ya Zizi Langu

Nkololo,
S.L.P. 27,
Bariadi.
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nyamizi,

Mwangaluka! Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ilifika wakati wa palizi ya pamba, na kimya changu hakina udhuru. Je, hamjambo huko Songea? Sisi tu wazima, isipokuwa wifi yako Milembe, ambaye moshi wa jikoni bado unambana kifua.

Habari kubwa ni ya ndugu yetu Machibya. Amejenga mtambo wa gesi: shimo la matofali na saruji, ambamo samadi huchanganywa na maji na kuachwa ioze, gesi yake hupita kwenye bomba hadi jikoni. Moto wake ni wa buluu, hauna moshi. Siku hizi hata katekista akifika hunywa chai kwake, si kwangu niliye mkubwa.

Kinachoniuma ni kwamba samadi hiyo ni yangu. Yeye ana ng'ombe wachache. Alipoiomba nilicheka, nikamwambia azoe yote, aniondolee uchafu. Sasa kila asubuhi mkewe Evalina hupita na toroli mlangoni pangu, na Milembe huniambia, "Mzee, ng'ombe wetu, chai yao."

Juzi Machibya alileta jambo jipya. "Kaka, toroli imetuchosha. Ng'ombe wako walale zizini kwangu, nami nitavuta bomba hadi jikoni kwa shemeji." Milembe aliitikia kabla yangu!

Nikamwuliza, "Na zizi la baba nifugie nini?"

"Fuga heshima, kaka," akajibu, akacheka.

Sitakuficha, namwonea wivu. Mtambo wangu mwenyewe siwezi kuujenga mwaka huu. Nikikataa, Milembe ataendelea kukohoa. Nikikubali, kila apitaye ataona zizi la mkubwa ni tupu na la mdogo limejaa.

Jana Milembe alipeleka maharage yetu yakachemkie kwa Evalina. Nilikusudia kuyasusa. Niliyala, Nyamizi, na hayakunuka moshi hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mfikishie shemeji Elia salamu zangu, na umbusu mjukuu wetu Maximiliana. Mungu awape afya na mvua za wakati wake.

Nikishaamua ng'ombe walale wapi, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Wako akupendaye daima,
kaka yako,
Ndalahwa