Sauti Yako kwenye Pampu za Mang'ola

Paskalina, rafiki yangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaiacha. Leo niko peke yangu ofisini, baridi ya Karatu imeniingia hadi kwenye mifupa, na kiti chako kiko palepale. Wameniletea msichana wa kukikalia. Nimemwambia akae dirishani, kuna mwanga zaidi. Hakuna mwanga zaidi.

Tangu tukuzike kwenu Rhotia, bado natengeneza miongozo ya pampu kwa wakulima wa vitunguu kwa njia yako. Maandishi yote yanakaa kwenye faili moja, na kutoka humo kompyuta inatoa kijitabu, bango la ukutani na ukurasa wa simu. Mwanzoni mimi nilitaka kila kimoja kiwe na faili lake. Ukanicheka: "Zuhura, halafu tukibadilisha kimoja, hivyo vingine nani atakumbuka?"

Sauti tu ndiyo kompyuta haikuweza kuitoa. Wale wasiosoma uliwasomea mwenyewe, kwa Kiswahili kisha kwa Kiiraqw, ukijirekodi, tumejifungia stoo kukwepa kelele za magari ya watalii. Wakulima wakarushiana kwa simu, ikaenea Mang'ola nzima. Wengine hawajawahi kukuona, lakini wanakutaja kama mtu wa nyumbani.

Sasa mradi wetu umebadilisha pampu zote. Mpya zinafanana na zile za zamani, rangi ileile, ila za zamani ulikuwa unawasha kwanza ndipo unafungua koki ya kutolea maji. Hizi unafungua koki kwanza. Nilirekebisha faili, vijitabu vikachapwa, tukavipeleka pamoja na pampu. Mkulima mmoja, Mzee Gidamis, hakukigusa kijitabu. Alitoa simu, akakusikiliza wewe, akawasha pampu koki ikiwa imefungwa. Bomba likapasuka. Hakuumia mtu. Alibaki amesimama kwenye tope, analitazama bomba, akasema, "Lakini Paskalina ndivyo alivyosema."

Paskalina, nililia mbele za watu.

Nikaenda kwa mama yako. Nilimkuta anapukuchua mahindi, simu iko pembeni, na wewe unaongea. Hana pampu, hana hata tuta la vitunguu, lakini anakusikiliza kila jioni. Nilimwamkia nikakaa. Kisha nikamweleza kwamba sauti yako lazima tuiondoe, tuwaombe watu wote waifute, ila yeye abaki na ya kwake.

Alizima simu. Akasema, "Pampu ya mtu ikiharibika, hatasema mashine imebadilika. Atasema mwanangu alimdanganya. Ifute, na hii ya kwangu pia. Majirani huiazima simu yangu."

Kisha akaniuliza, taratibu sana, "Pale anapowasalimia, napo pana makosa?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Pale hapana makosa."

Nikamkatia hicho kipande. Ni kifupi mno, unawasalimia kwa Kiiraqw na kutaja jina lako, basi. Mengine yote nimeyafuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipobonyeza nilihisi kama nakuzika tena.

Maelekezo mapya, kwa Kiswahili nimeyasoma mimi. Kiiraqw changu unakijua, ni cha sokoni. Kwa hiyo mama yako alikuja ofisini na kanga yake nzuri, akakataa chai, akasema tufanye kazi. Nilimtajia kila hatua kwa Kiswahili, naye akaisema kwa Kiiraqw, kwa nguvu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Tulipofika kwenye koki alirudia tena na tena bila kuambiwa. Sikukata hata neno.

Juzi nilishuka Mang'ola. Malori yalikuwa yanapakia, harufu ya vitunguu imejaa kote. Mzee Gidamis alisikiliza mpaka mwisho, akafungua koki, akawasha. Maji yakaja. Akaniuliza huyu mama anayesema ni nani. Nikamjibu ni mama yake Paskalina. Alivua kofia, akaishika kifuani, tukayatazama maji yakiingia mferejini.

Pumzika sasa, rafiki yangu, kazi yako iko salama. Mashine zitabadilika tena, na kila zikibadilika nitamfuata mama yako Rhotia tuanze upya. Na zisipobadilika nitakwenda tu, nimsaidie kupukuchua mahindi.

Wako,
Zuhura